Mnara wa Kilwa umesimama, boma letu limelala: juu ya nini?



Kila mara picha ya mnara wa mawe wa zamani ikipita kwenye simu, uwe wa Ulaya au wa pwani ya Tanzania, chini yake unakuta mtu wa kwetu ameandika: "Wenzetu walijenga. Siye hatuna kitu." Neno hili linasemwa hata na watu wenye diploma zao. Leo tulipime sawa vile tunapima udongo: tunachimba shimo, tunaangalia tabaka moja moja, kiisha njo tunasema. Mfano wetu utakuwa kuta na minara ya Kilwa.

Tusichanganye majina. Hii si Kilwa ya teritwari ya Pweto, kule ziwa Moero. Ni Kilwa Kisiwani, kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi, mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, karibu kilometa 300 kutoka Dar es Salaam.

1. NI NINI IMESIMAMA PALE?

Kati ya karne ya 11 na ya 15, Kilwa ilikuwa moja ya miji yenye nguvu zaidi katika pwani yote ya Waswahili. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka mpaka bandari ya Sofala, na wafanyabiashara wa Kilwa njo walishika njia hiyo. Mali ile ilijenga Msikiti Mkuu, uliopanuliwa katika karne ya 14 na kufunikwa kwa makuba. Ilijenga pia Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, juu ya jabali linaloangalia bahari.

Karibu na jumba hilo kuna Husuni Ndogo. Hili ni boma la pembe nne, kuta zake ni nene, na lina vinara vilivyotokeza nje. Ni la kabla Wareno hawajafika. Ndani karibu ni patupu, na wataalamu wanabishana mpaka leo kama lilikuwa kambi, soko ao ghala.

Upande wa mji wa kale kuna Makutani. Jina linajieleza: mahali penye makuta. Ni jumba la masultani wa karne ya 18, ndani ya ukuta mkubwa wenye minara ya ulinzi. Ufukweni kabisa kuna Gereza, ngome ambayo Waomani waliijenga upya karibu mwaka 1800, mahali ambapo Wareno walikuwa na ngome yao kuanzia 1505 mpaka 1512. Hata neno lenyewe lina safari yake: linatoka katika Kireno, igreja, maana yake kanisa. Likageuka ngome, kiisha likageuka jela. Kwetu tunasema boloko, lakini kwenye vitabu vya shule tulisoma "gereza" bila kujua kwamba ni kanisa lililopotea njia.

Mwaka 1981 UNESCO iliandika Kilwa Kisiwani kwenye orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Songo Mnara, mji mwingine wa kale wenye ukuta wake, kwenye kisiwa jirani.

2. MNARA WA PEMBENI UNAFANYA KAZI GANI?

Wengi wanafikiri mnara ni wa kuangalia mbali tu. Kuangalia mbali ni nusu ya kazi.

Chukua ukuta ulionyooka. Mlinzi amesimama juu. Adui akiwa mbali, anamuona. Adui akifika chini kabisa na kujibandika kwenye ukuta, mlinzi hamuoni tena, labda ainame nje na kupigwa mshale. Pale chini ni mahali pa upofu. Adui anaweza kutoboa ukuta ao kusimamisha ngazi kwa utulivu.

Sasa weka mnara kwenye pembe, utokeze nje kidogo. Mlinzi wa mnarani hahitaji kuinama. Anageuza kichwa, na anaona uso wote wa ukuta kwa ubavu, kutoka pembe moja mpaka nyingine. Mahali pa upofu pamekufa.

Angalia hesabu ya Gereza. Ngome ina kuta nne, lakini minara yake ya duara ni miwili tu, kwenye pembe zinazokabiliana. Juu ya nini haikuwekwa minne? Juu kila pembe inagusa kuta mbili. Mnara mmoja unalinda kuta zake mbili, mnara wa pili unalinda zile mbili zilizobaki. Kuta nne zimelindwa kwa nusu ya gharama. Fundi aliyepanga vile alijua jometri, na alijua pia bei ya chokaa.

3. CHOKAA, KITU TUNACHOKIJUA

Sisi wa agronomi tunamwaga chokaa shambani kupunguza asidi ya udongo. Mafundi wa Kilwa walitumia dawa ileile kushikanisha mawe. Mawe yao yalitoka baharini: matumbawe. Mengine yakikatwa yakiwa bado mabichi ni laini, unaweza kuyachonga nakshi. Yakikauka hewani yanakuwa magumu.

Matumbawe mengine yalipangwa juu ya lundo la kuni na kuchomwa. Moto ukifika karibu digrii 900, jiwe linatoa gesi kaboniki na kubaki chokaa hai. Ukilimwagia maji linachemka na kupasuka kuwa unga mweupe. Unga huo unachanganywa na mchanga, unawekwa kati ya mawe, kiisha unaanza kuvuta ileile gesi kaboniki kutoka hewani, polepole, miaka na miaka, mpaka unageuka tena jiwe. Kwa hiyo ukuta wa chokaa unaendelea kukomaa hata baada ya fundi kuondoka.

Lakini dari zilishikwa na boriti za mikoko, na mti ni mti. Njo maana pale Kilwa nyumba nyingi zina kuta bila paa: kilichooza ni mti, kilichobaki ni jiwe. Tushike hilo kichwani, tutalirudia.

4. UKUTA ULIMLINDA NANI?

Tusifanye mnara kuwa kitu cha kuabudu. Historia ya Kilwa inaonyesha mipaka yake.

Julai 1505 meli za Francisco de Almeida zilifika na mizinga. Mji uliibiwa vitu, na Wareno wakajenga ngome yao ndani.

Mwaka 1587 walikuja Wazimba, wapiganaji kutoka bara. Mreno João dos Santos aliandika habari yao. Bahari iliwazuia, wakakaa ng'ambo wakisubiri. Kiisha mtu wa Kilwa mwenyewe aliwaendea usiku na kuwaonyesha mahali pa kuvukia maji yakipwa, kwa masharti kwamba yeye na jamaa yake waachwe hai. Wazimba waliingia na kuua watu karibu 3,000, sawa alivyoandika. Msaliti naye alitupwa baharini pamoja na jamaa yake yote: mkubwa wa Wazimba alisema mtu aliyeuza mji wake hafai kuishi.

Tena kuna ukurasa unaotugusa sisi wa bara. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alipatana na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20. Hao walitolewa bara, kwa miguu, wakiwa wamefungwa. Karne iliyofuata, njia za namna hiyo zilifika mpaka Maniema na kwetu. Kwa hiyo mtoto wa Kongolo akiangalia minara ile, ana haki ya kushangaa ufundi, na ana haki ya kuuliza ni nani alipita chini yake akiwa na kamba shingoni. Maswali yote mawili ni ya haki, na mnara ukianguka hata moja halitajibiwa vizuri.

5. MAADUI WATATU: MAJI, MIZIZI, MKONO WA MTU

Turudi kwa swali letu: juu ya nini bado imesimama? Jibu rahisi ni "jiwe ni gumu". Halitoshi. Mwaka 2004 UNESCO iliweka Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mawe yalikuwa yaleyale magumu, na bado yalikuwa yanaanguka.

Adui wa kwanza ni maji. Paa likianguka, mvua inaingia kwenye ukuta kwa juu na kuosha chokaa ndani yake. Tena kwa Gereza na Makutani, bahari yenyewe inakula ufuko na kuchimba misingi. Kule juu wanafunika kichwa cha ukuta kwa chokaa mpya, si kwa simenti ngumu inayofungia unyevu na chumvi ndani. Kule chini mikoko inasaidia: mizizi yake inavunja nguvu ya mawimbi na kushika matope. Njo kazi yetu ile ya erozio tuliyosoma.

Adui wa pili ni mizizi. Ndege anakula tunda la mtini, anaacha mbegu juu ya ukuta, mti unaota kwenye ufa na kuupanua mwaka kwa mwaka. Tena hauwezi kuung'oa tu, juu mzizi ukitoka unatoka na mawe. Unakata, unaua kisiki polepole, unajaza ufa.

Adui wa tatu ni mkono wa mtu. Jiwe lililochongwa tayari ni jiwe la bure. Katika miji mingi ya kale duniani kuta ziliisha hivyo, jiwe moja leo, jiwe moja kesho, kwa kujenga nyumba na zizi.

Mwaka 2014 Kilwa ilitolewa kwenye orodha ya hatari, baada ya miaka ya kutengeneza kuta, kusafisha miti na kushika ufuko. Kwa hiyo mnara wa zamani unaouona kwenye simu una umri wa karne nyingi, na una pia kazi ya mafundi wa juzi.

6. MJI WA MITI AMBAO HUUONI KWENYE PICHA

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa huyuhuyu Sultani al-Hasan. Alisifu uzuri wa mji. Na nyumba zake? Aliandika kwamba ni za miti.

Soma tena: Kilwa, ileile tunayoipiga picha kwa mawe yake, machoni pa mgeni ilikuwa mji wa miti. Nyumba za watu wa kawaida, na za wengine wenye mali, zilikuwa za miti na udongo. Zile zilioza. Tunachoona leo ni sehemu ndogo ya mji, ile ambayo mchwa hawawezi kula. Kipimo cha "walijenga" na "hawakujenga" kwa kuangalia mawe tu kimekwisha kosea hata kwa Kilwa yenyewe.

7. NA KWETU?

Kwetu kwenye Lualaba neno boma lina maana tunayoijua: miti minene iliyosimamishwa karibu karibu, mara nyingine safu zaidi ya moja, pamoja na handaki na udongo uliorundikwa. Ngome hizo zilikuwa na nguvu. Katika vita vya 1892 mpaka 1894 kati ya majeshi ya Leopold na mabwana wa biashara ya Waswahili na Waarabu, Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo Aprili 1893. Lakini maboma ya Rumaliza yalisumbua jeshi lenye mizinga kwa miezi. Huyu Rumaliza, Mohammed bin Khalfan, alizaliwa Lindi, pwani ileile ya Kilwa. Januari 1894 kombora la mzinga liliwasha moto ndani ya boma lake, likaungua. Mti ulishinda risasi, haukushinda moto.

Kiisha vita, mvua na mchwa walimaliza kazi. Leo ukipita mahali pa boma la zamani unaona shamba la mihogo. Lakini nguzo ya boma haipotei kabisa, na hapa njo mwanafunzi wa agronomi anapashwa kufungua macho.

Nguzo ikisimamishwa, kwanza shimo linachimbwa. Nguzo ikioza, shimo linajaa udongo wa juu, mweusi, laini, wenye mabaki ya mti na makaa. Udongo wa pembeni unabaki mwekundu. Baada ya miaka mingi, ukikwangua ardhi vizuri kwa usawa, unaona duara jeusi ndani ya udongo mwekundu. Duara moja, labda ni mzizi ao tundu la mnyama. Maduara 20 yaliyojipanga kwa mstari: ule ni ukuta. Sisi tunachimba shimo la profili kila mwaka kwa kazi ya pedolojia, na tunaandika "doa jeusi" kwenye fishi, basi, tunafukia.

Ishara ya pili ni fosfori. Mahali watu waliishi muda mrefu, majivu, mifupa na takataka zinaacha fosfori. Udongo wetu mwekundu, wenye chuma na aluminiamu, unaishika kwa nguvu na hauiachi iende na maji. Ukipima sampuli za shamba na ukakuta fosfori imepanda ghafla mahali pamoja bila mbolea kutumika, jiulize kama pale palikuwa kijiji.

Ishara ya tatu ni mimea. Miembe mizee iliyojipanga porini mara nyingi inaonyesha njia ya misafara ao makao ya zamani. Wafanyabiashara wa pwani waliipanda walikopita. Michikichi iliyokusanyika mbali na kijiji cha leo inaweza kusema neno lilelile.

Tena tusifikiri historia yetu ilianza na misafara. Panda na mto Lualaba mpaka ziwa Kisale. Mahali panaitwa Sanga, tangu mwaka 1957 wachimbaji wa akiolojia walifungua makaburi mengi: vyungu vya ufundi mkubwa, vyuma, mapambo ya shaba. Sehemu kubwa ya makaburi hayo ni ya karne ya 11 mpaka ya 13, yaani wakati uleule Kilwa ilipokuwa inapanda. Ndani yake walikuta hata simbi za bahari, chache, zilizotoka mkono kwa mkono mpaka katikati ya bara. Watu wa mto wetu waliishi, walifua chuma, walivaa shaba. Urithi wao umelala chini ya udongo.

8. BASI TUFANYE NINI?

Urithi uliosimama unalindwa na fundi wa chokaa. Urithi uliolala unalindwa, ao unaharibiwa, na mwenye jembe. Na sisi njo tunatumwa kupima mashamba, kuchagua mahali pa trakta, kuchimba visima na mabwawa ya samaki. Mara nyingi tunafika mbele ya mwana historia yeyote. Kwa hiyo:

– Kabla ya kulima mahali papya, uliza wazee majina ya mahali. Jina kama "boma", "kijiji cha kale" ao jina la mkubwa aliyekufa zamani ni alama.

– Ukikuta vyungu, shaba ao maduara yaliyojipanga, simamisha jembe pale. Piga picha na kitu cha kipimo pembeni, andika kina na mahali, acha vitu palepale. Chungu kikitolewa bila kuandikwa kilikuwa wapi na karibu na nini, nusu ya habari yake imekufa.

– Toa taarifa kwa utawala wa teritwari na kwa watu wa muze ya Lubumbashi. Sheria ipo: Ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni.

– Usiuze, wala usimpeleke mnunuzi. Sanamu za mababu wa Wahemba, singiti, zilitoka kwetu kwa wingi miaka ya 1960 na 1970. Leo ziko kwenye muze na nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani, nyingi bila jina la kijiji wala la mzee aliyewakilishwa.

– Wale wa memware: ramani ya fosfori ya boma moja la zamani ni sujeti nzuri. Tariere ni ileile, labo ni ileile, sampuli 40 ao 50 zinatosha kuanza. Shirikiana na mwanafunzi wa historia, naye akusanye masimulizi ya wazee huku wewe unakusanya udongo.

– Na majengo ya matofali ya zamani yaliyobaki mjini, kabla ya kubeba tofali la kwanza, kumbuka adui wa tatu. Piga picha ya jengo zima kwanza, uliza lilikuwa la nini, lijengwe nani na nani alilazimishwa kulijenga. Hata jengo la machungu ni ushahidi.

Wa Mbulula, wa Sola, wa Kongolo mjini, wa ng'ambo ya mto: kwenu wazee wanaita wapi "bomani"? Andikeni hapa jina la kijiji tu. Alama kamili za mahali msiziweke hadharani, wachimbaji wa kuuza nao wanasoma. Majina yakifika kumi, tutapanga siku ya kuzunguka na kuandika, pamoja na wazee wenyewe, kabla ya msimu wa kulima kuanza.